Siku tatu Usambara ukiwa na mwenyeji: mwongozo kamili kuanzia Mombo mpaka Mtae

Huu mwongozo ni wa mtu mwenye siku tatu tu za kutembea, labda sikukuu imeangukia vizuri au kakata likizo fupi, na anataka kuiona milima ya Usambara Magharibi bila kukurupuka. Njia yenyewe ni Mombo, Soni, Lushoto, Irente, msitu wa Magamba alafu Mtae kule mwisho kabisa ambako mlima unakatika ghafla. Niseme mapema, huku hamna kilele cha kupanda ukapiga picha na bango, kama unatafuta cheti cha kufika juu nenda Kilimanjaro. Usambara watu wanakuja kukata vijia vya mashambani, kuingia msituni na kusimama ukingoni mwa majabali, na raha yote inategemea umetembea na nani. Hilo la mwenyeji, yaani muongozaji wa kwao, nitalirudia mpaka unichoke.

Uende lini

Masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni kama Novemba na Desemba. Masika usiende. Sio kwa ajili ya kulowa, kulowa utalowa tu hata kiangazi, shida ni barabara, ile ya kutoka Mombo imechongwa ubavuni mwa mlima na mvua zikikaza mawe na udongo vinashuka njiani, alafu zile za vumbi za huko juu zinakuwa tope gari linateleza kama limepakwa sabuni. Juni mpaka Agosti njia ni kavu ila baridi yake sio ya mchezo, ukungu unaweza kukaa hadi saa nne asubuhi, watu wa Dar huwa wanaona mtu anatia chumvi mpaka wafike na tisheti moja. Mimi nachagua Septemba na Oktoba, au Januari na Februari. Tena kuanzia mwisho wa mwaka mpaka Februari ndo msimu wa plamu na pichesi, utakula mpaka tumbo ligome.

Namna ya kufika

Ukiwa Dar kuna mabasi ya moja kwa moja mpaka Lushoto yanaondoka asubuhi stendi ya Magufuli pale Mbezi, weka akilini masaa saba mpaka nane. Toka Tanga mjini ni karibu zaidi na magari yapo. Toka Arusha au Moshi panda basi lolote la Tanga au Dar ushuke Mombo, hapo utapata kosta au noah za kupanda. Walioko Mombasa nao wasizunguke Arusha, wavuke mpaka Horohoro waingie Tanga, inakuwa safari ya kueleweka kabisa.

Mombo iko chini, joto lake unalijua, alafu ndani ya kilomita 33 unapandishwa mpaka kama mita 1,400 pale Lushoto. Ni kama saa moja hivi, lami ipo ila nyembamba na kona hazina idadi. Kama tumbo lako ni la wasiwasi usile chipsi mayai pale Mombo, kula kidogo, nunua tangawizi au limau la kunusa, na kaa mbele. Sweta iwe mkononi sio kwenye buti la gari maana utaihitaji kabla hujashuka.

Katikati ya hiyo njia kuna Soni na maporomoko yake ya maji. Ukiwa na gari lako simama, ukiwa kwenye kosta chungulia dirishani hivohivo. Na huku juu upande wa Vuga ndiko yalikuwa makao ya watawala wa ukoo wa Kilindi waliowaongoza Wasambaa, mkubwa wao Kimweri ye Nyumbai alifariki 1862 na baada yake ugomvi wa urithi ukaivuruga nchi. Sio mbali na Soni pia kuna Sakharani, misheni ya Wabenediktini wanaolima makadamia na kutengeneza divai, eneo ambalo zamani lilikuwa shamba la Tom von Prince, afisa wa Kijerumani ambaye watu walimbandika jina la Bwana Sakarani, akauawa vita vya Tanga Novemba 1914. Kwa siku tatu hutaweza kuyapitia yote hayo, ila ukiwa na ya nne anzia hapo.

Kumpata muongozaji, na makubaliano

Hapa tukae kidogo. Ukishuka stendi ya Lushoto na begi la mgongoni ushajulikana, atakuja kijana mmoja wa salamu, wa pili atakubebea begi, wa tatu ana kaka yake mwenye gesti. Wengi ni vijana wazuri tu wanatafuta riziki, ila usikubaliane chochote hapo stendi ukiwa umechoka na njaa. Sema "asante kaka, naweka mzigo kwanza", nenda gesti, oga, kula, ndo uzungumze biashara. Utalii wa kitamaduni Lushoto ulianza miaka ya 1990 kwahiyo kuna vikundi vya waongozaji vilivyosajiliwa, ofisi zao haziko mbali na stendi, hata mwenye gesti atakuelekeza. Omba kuona kitambulisho chake, aliye halali hakasiriki.

Alafu mpime kwa maongezi. Muulize mnapita njia gani, muulize huu mti unaitwaje, mtembee naye hata mpaka dukani uone anavyosalimiana na watu. Muongozaji anayesalimiwa na kila bibi njiani ndo huyo huyo umchukue, maana njia za Usambara nyingi zinapita katikati ya mashamba ya watu na kando ya nyumba zao, na wazee wengi vijijini wako huru zaidi kwenye Kisambaa kuliko Kiswahili. Ukiwa na mtu wa kwao unakaribishwa uani unapewa na kigoda, ukienda na ramani ya simu unakuwa mgeni unayekanyaga maharage ya watu. Simu yenyewe haijui njia iliyoliwa na mvua mwezi uliopita.

Sasa bei. Mambo ya kukubaliana KABLA hamjaondoka, na uyaandike kwenye karatasi hata kama mnaaminiana: bei ni kwa mtu au kwa kundi zima, kwa siku au kwa safari yote, kiingilio cha msitu kimo au unalipa mwenyewe, chakula cha mchana kimo, usafiri wa kwenda Mtae nani analipa, na yeye muongozaji atalala na kula wapi huko Mtae kwa hela ya nani. Hicho kipengele cha mwisho ndo huleta nuna za siku ya tatu, mgeni anadhani imo, mwenyeji anadhani mgeni ataelewa, wote wanatazamana. Mpe advansi isiyozidi nusu, iliyobaki mkirudi. Na usichague wa bei ya chini kuliko wote, siku nzima ya kutembea na mtu ambaye kichwani anahesabu hasara sio starehe.

Watu wanne mpaka sita ndo idadi nzuri, gharama inagawanyika na mnaingia noah moja. Zaidi ya hapo mnakuwa msafara, kima wakiwasikia wanahama mtaa.

Mzigo

Viatu vyenye meno vilivyokwisha kuvaliwa, sio vipya. Koti la mvua, sweta, soksi ndefu, tochi, pawabenki. Keshi pia, toa Lushoto mjini kwenye mashine za NMB au CRDB, ukishapanda Mtae unategemea wakala wa simu na wakala naye anaweza kuwa hana salio la kutosha. Kinadada na kinakaka vaeni nguo za heshima vijijini, hawa ni watu wa msikiti na kanisa, kaptula fupi iache kwa ajili ya Tanga ufukweni.

Siku ya kwanza: Irente

Kama umefika Lushoto mapema mchana anza nayo jioni hiyohiyo. Ni kama kilomita sita toka mjini, kwa miguu saa moja na nusu mpaka mbili ukienda taratibu, bodaboda zipo kwa waliochoka na mabasi. Mwambie muongozaji asikupitishe barabarani mwanzo mwisho, kuna vijia vya ndani vinavyopita kwenye migomba, kahawa na mboga za watu mpaka mnaibukia kijiji cha Yoghoi, ndo utaona namna Wasambaa wanavyolima mpaka ubavu ambao wewe kusimama tu unashika mti.

Kabla ya ukingoni kuna shamba la Irente, liko chini ya kanisa la Kilutheri, wanatengeneza jibini, jamu na mkate wa ngano nyeusi. Ukitaka kula pale toa oda mapema, muongozaji apige simu asubuhi, ukifika na njaa yako bila taarifa unaweza kuambulia jamu tu. Eneo la Irente kuna makao ya watoto na shule ya wasioona pia, hizo sio sehemu za kwenda kuchungulia na kamera.

Ukingoni penyewe fika kama saa kumi na moja jioni. Kuna kiingilio kidogo, lipa, kaa. Jabali linashuka karibu mita elfu moja mpaka tambarare ya Mazinde, chini unaona mashamba ya katani yamepangwa mistari, unaona barabara kuu na reli ya Tanga ambayo Wajerumani waliifikisha Mombo mwaka 1905, alafu mbele nyika ya Wamasai inaenda mpaka macho yanaishiwa. Mgongoni kwako kijani, mbele yako ukame, na sababu iko wazi ukiwa umesimama pale: upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unagonga mlima na kumwaga mvua yake huku juu, ukivuka upande wa pili unakuwa umebaki mkavu. Hali hiyo imedumu kwa mamilioni ya miaka, ndo maana misitu ya milima hii ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita kule Kenya ikashuka mpaka kusini mwa Tanzania, ina mimea na wadudu usioweza kuwakuta popote pengine. Na sio volkano kama Kilimanjaro, ni mawe ya zamani sana yaliyoinuliwa.

Jua linazama upande huohuo unaoangalia, kama saa kumi na mbili na nusu. Angalizo moja tu, sehemu kubwa ya ukingo haina uzio na upepo wa jioni unasukuma kweli, kwahiyo mambo ya kurudi nyuma hatua mbili ili selfi ikae vizuri acha. Watoto washikwe mkono. Kurudi itakuwa giza, tochi.

Siku ya pili: Magamba asubuhi, Mtae jioni

Ondokeni saa moja na nusu au mbili asubuhi. Magamba ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, ilipandishwa hadhi mwaka 2010, na malipo ni ya serikali kwahiyo yanaenda kwa kontrol namba, utatumiwa namba unalipa kwa simu unapata risiti. Raia analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, beba kitambulisho cha taifa. Ukiona mtu anataka keshi mkononi bila risiti, cheka naye alafu omba namba.

Chagueni njia ya masaa matatu mpaka manne. Mlima Magamba unapita mita 2,200 na ukiwa na pumzi unaweza kufika juu, ila mimi ningekaa msituni chini kwenye miti mikubwa. Mwambie mwenyeji akuonyeshe mkulo, mti ambao jina lake la kisayansi limebeba Usambara, mbao yake inanukia na ndo iliyouponza maana umekatwa mno. Mbega weusi kwa weupe wapo juu ya miti, asubuhi utasikia mngurumo kabla hujawaona, usiongee, simama dakika kumi. Kwenye vichaka angalieni vinyonga, wapo wa pembe mbili wasiopatikana nje ya milima hii, macho ya mgeni hayawaoni kabisa, mwenyeji ananyoosha kidole kwenye jani unaona jani, anasogeza kidole bado unaona jani, mpaka jani linapogeuza jicho. Wewe usimshike, na kama una hofu na kinyonga kama wengi wetu sema tu, hamna atakayekucheka.

Soksi ziwe juu ya suruali kwasababu ya siafu. Ukibahatika kwenye miamba yenye kivuli na unyevu utaona vile viua vya zambarau ambavyo Ulaya na Marekani watu wanavifuga madirishani, Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani wa Tanga, alipeleka kwao mwaka 1892 vikasambaa dunia nzima. Ila huko Usambara Mashariki, Amani, ndo vipo vingi zaidi. Usichume.

Mchana kuleni, alafu ndo panakuja pa kutumia akili. Magari ya abiria ya Mtae yana tabia moja, yanatoka Mtae alfajiri kuleta watu Lushoto na yanarudi mchana. Kwahiyo kwenda ni rahisi, unalisubiri mchana unapanda nalo, ila lazima mwenyeji awe ameshapiga simu kwa kondakta kushika siti, la sivyo utasimama karibu masaa matatu ukiwa umekumbatia ndoo ya mtu. Mkiwa kundi, noah ya kukodi ni bora, mnasimama mnapotaka. Mmepita Malindi (ya hukuhuku Lushoto, sio ile ya Kenya), mmefika Lukozi, hapo simameni: kabichi, karoti, viazi na hoho zinapakiwa kwenye malori kwenda masoko ya mjini, sehemu kubwa ya kachumbari ya Dar imeanzia kwenye hizi kona. Upande wa Shume ni misitu ya kupandwa, misindano mistari kwa mistari, na zamani Wajerumani walifunga kamba ya waya angani toka huko juu mpaka Mkumbara chini kwenye reli, mbao zinateremka zinaning'inia juu ya korongo.

Mtae mtafika jioni. Gesti ni za kawaida, maji ya moto yanakuja kwa ndoo, blanketi omba la pili bila aibu. Oda ya chakula toeni mkiwa bado njiani maana wanapika kwa idadi.

Siku ya tatu: Mtae na kushuka

Amka saa kumi na moja alfajiri, utachukia lakini amka. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, barabara inapita katikati na kulia kwako ni bonde, kushoto ni bonde, mwisho wa barabara ndo mwisho wa Usambara. Anga likiwa safi unaona tambarare ya Mkomazi yote, milima ya Upare, upande wa Kenya, na ukiwa na bahati Kilimanjaro inajitokeza kwa muda mfupi kabla vumbi na mawingu ya mchana havijapanda. Bahati hiyo haina ratiba, muongozaji atakayekuahidi Kilimanjaro kwa asilimia mia anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Hata bila hiyo, kuona mawingu yakiwa CHINI yako yamejaza bonde kunatosha kukufanya usahau baridi ya vidole.

Baada ya chai tembeeni kuelekea kijiji cha Mambo kwa kufuata ukingo, tengeni nusu siku kwenda na kurudi, njia sio ngumu ila mishuko ipo na ukipita kwa watu salimia. Shikamoo kwa kila mzee, ndo kodi ya kupita. Picha ya mtu omba kwanza, mwenyeji akuombee kwa Kisambaa. Watoto wakikufuata wakitaka pipi wapigie stori, ukianza kugawa hela unamharibia mgeni wa kesho na mwenyeji wako pia.

Sasa kurudi. Kumbuka gari la abiria limeshaondoka alfajiri wakati wewe unatazama mawingu, kwahiyo machaguo ni matatu: noah yenu iliwasubiri (mlikubaliana kuhusu malazi ya dereva?), au bodaboda za kuunganisha mpaka Lukozi na hapo kupata gari, au mlale Mtae usiku wa pili mshuke na gari la alfajiri. Ukiondoka Mtae saa sita mchana, Lushoto ni kama saa tisa na mabasi ya Dar yalishaondoka asubuhi. Anayewahi kazini kesho yake ashuke moja kwa moja mpaka Mombo, mabasi ya Arusha kwenda Dar yanapita pale na tangu mwishoni mwa 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku, ila siti ya barabarani siku ya Jumapili ni kubahatisha, kata tiketi kwa simu siku moja kabla. Kwa ushauri wangu siku tatu zihesabu ni za mlimani tu, ya kusafiri iwe pembeni.

Mwenye siku nne na miguu mizuri anaweza kuachana kabisa na gari: Lushoto mpaka Lukozi, siku inayofuata Rangwi ambako masista wana malazi safi, alafu Mtae. Hiyo ni nzuri kuliko hii yangu, kusema kweli, ila makubaliano na mwenyeji ni yaleyale.

Mkifika Lushoto malizana na muongozaji palepale, deni lote, na ukiridhika ongeza kitu kwa mkono wako kuliko kupitishia ofisini. Mboga nunua Lukozi mkiwa njiani kushuka, jibini Irente uwe uliagiza tangu siku ya kwanza ukaiacha kwenye friji ya gesti. Na beba kikapu au kiroba chako mwenyewe, mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku Tanzania tangu Juni 2019, ndugu zetu wa kutoka nje ya nchi mnakumbushwa, na plamu ziwekwe juu kabisa, usiziweke chini ya kabichi.